Tarakimu Tatu Baada ya Nukta

Kigoma, 14 Januari 2025

Kwako Ishimwe,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ni mimi Zaituni Mukabalisa, mama yake Hadija Ikirezi, yule aliyekufungia mlango pale Muhima, Kigali, ulipokuja kumposa na wazee wako wawili na kreti za fanta. Sijasahau, na najua wewe pia hujasahau. Sitajifanya nakuandikia kukujulia hali, ingawa natumaini hujambo.

Nina shida, na msaada uko mikononi mwako.

Unajua nilikuja huku mwanzoni mwa 2020 kumuuguza dada yangu Tausi, mipaka ikafungwa nikiwa huku huku. Mwanangu akabaki na cherehani zetu mbili. Julai ya mwaka uliofuata ugonjwa ule wa korona ukamchukua, mji ukiwa umefungwa, akazikwa siku hiyo hiyo na wanaume wachache wa umoja wa mazishi ambao hata hawakuwahi kuisikia sauti yake. Mimi nilipigiwa simu nikiwa jikoni kwa Tausi nachambua mchele. Mipaka ilipofunguliwa sikuja. Nilijidanganya kwamba nisipoliona kaburi, basi Hadija yuko Muhima tu, anapiga pasi nguo za wateja na kunisengenya.

Sasa uongo huo umenichosha. Nina uvimbe tumboni, na daktari wa hapa ameacha kuniandikia dawa za kuponya, ananiandikia za maumivu tu. Nataka nilazwe kando ya mwanangu. Umoja wa mazishi wamesema nafasi za familia waliziacha kati ya kaburi na kaburi, ila lazima nionyeshe kaburi lake ni lipi. Nitaonyeshaje? Unajua desturi yetu, hatujengei makaburi. Ni tuta la udongo na kibati cha namba, na vibati vyenyewe nasikia viling'olewa na wauza chuma chakavu. Mzee Kamanzi aliyemshusha kaburini naye alishafariki. Lakini wanasema kila kaburi lilipimwa kwa setilaiti, na vipimo viko kwenye kompyuta za kampuni yenu huko Kacyiru.

Nitafutie mwanangu alipo. Ukimpata, niambie pia nani amelala kuliani kwake na nani kushotoni, maana siwezi kwenda kumsalimia yeye nikawapita jirani zake.

Barua hii nampa dereva wa basi. Simu sitaki. Tausi anasikia kila kitu.

Zaituni Mukabalisa


Kigali, 27 Januari 2025

Kwako Mama Zaituni,

Barua yako imenifikia. Nimeisoma nikiwa nimesimama palepale kituoni Nyabugogo, watu wakinipiga vikumbo. Pole sana kwa ugonjwa. Pole pia kwa haya ambayo tulipaswa kupeana pole miaka mitatu iliyopita, wala hatukufanya hivyo.

Siku ile ya mazishi sikuruhusiwa. Watu walihesabiwa, na mimi sikuwa ndugu wala si Mwislamu. Baadaye nilikwenda mara moja hadi getini, nikarudi. Kwa hiyo hata mimi sijui alipolala.

Lakini unachoniomba ni jambo dogo, mama, usiumize kichwa. Kwenye hifadhidata yetu kila kaburi ni nukta, na kila nukta ni namba mbili: moja inasema umbali wa kwenda mashariki, nyingine wa kwenda kusini. Zikikutana, unapata mahali pamoja tu duniani. Ninaandika jina lake, mahali panatokea. Nilijua siku zote kwamba namba zake zipo, ndiyo maana sikuwahi kuzifungua. Nilijiambia nitakapopata moyo, nitazikuta.

Kabla ya wiki hii kwisha nitakuwa na jibu, na majirani zake nitakutajia kwa majina.

Wako katika kumkumbuka,
Ishimwe Nahimana


Kigali, 3 Februari 2025

Kabera,

Habari za Kampala? Nakuandikia kwa sababu simu yako haipokelewi, na kwa sababu nikisikia sauti yako sasa hivi naweza kusema neno baya.

Unakumbuka ile kazi ya makaburi uliyoifanya kabla hujaondoka? Nimeandika jina la Hadija, ramani ikafunguka, nukta ikatokea kilimani. Nilifurahi kama mtoto. Halafu nikaiuliza kompyuta nani yuko kuliani na nani kushotoni, kwa sababu mama yake ameniomba hivyo, na ni adabu yao. Majina zaidi ya mia mbili yametoka, yote juu ya nukta ile ile moja. Wote wamelala mahali pamoja, Kabera. Nukta inayofuata iko zaidi ya mita mia kutoka hapo, nayo ina rundo lake.

Nimezigeuza zile sifuri na moja za kompyuta zirudi kuwa maandishi. Kila namba ina tarakimu tatu baada ya nukta. Théoneste, aliyepita makaburini na kile kipimo begani, anaapa kwamba aliandika saba.

Niambie safu ya zamani, ile ya maandishi, iko wapi. Niambie kuna nakala. Mama huyu anaumwa, na anataka kuzikwa kando ya binti yake.

Ishimwe


Kampala, 4 Februari 2025

Ishimwe ndugu yangu,

Sema hilo neno baya, nitalipokea.

Nilikuwa nimetoka kumaliza ramani ya maghala ya Masoro. Mteja alitaka ramani nyepesi ya kufunguka kwenye simu hata mtandao ukiwa hafifu, na maandishi ya zile namba yalikuwa marefu mno, kwa hiyo nikayageuza kuwa mfumo wa jozi, ule mfupi kabisa, unaoziviringa namba, yaani kuzikata mkia, kabla ya kuzifunga. Unauambia ubakize tarakimu ngapi. Nikauambia tatu. Tatu ni kama mita mia moja na kidogo, na ghala hata ukilisogeza hatua kadhaa linabaki lile lile, dereva wa lori ataliona tu. Ya makaburi ilipokuja na haraka zake, nilichukua amri zile zile za hifadhidata, nikabadilisha jina la jedwali, nikazitekeleza. Ile tatu sikuigusa. Kwenye ramani ukiangalia kwa mbali kila kitu kilionekana sawa, bosi akapiga makofi, tukaenda kula brochette za mbuzi.

Safu ya maandishi tuliifuta ili kupunguza ukubwa. Nakala za akiba zilikuwa zinajifuta zenyewe baada ya miezi mitatu. Unaijua hiyo sera, uliisaini na wewe.

Kitu kilichoviringwa hakirudi. Ukiiambia hifadhidata ikuonyeshe tarakimu saba itakuonyesha, ila nne za mwisho zitakuwa sifuri. Muulize Théoneste kama kile kipimo chake bado kina kumbukumbu.

Nisamehe, ingawa najua si wewe unayepaswa kunisamehe.

Kabera


Kigoma, 20 Februari 2025

Mwanangu Ishimwe,

Umeona nilivyokuita? Tausi ameona pia, maana anachungulia begani kwangu, na amecheka.

Jibu lako lilinifanya nile chakula cha mchana chote. Tangu Novemba sijamaliza sahani. "Ninaandika jina lake, mahali panatokea." Nimeirudia sentensi hiyo mpaka Tausi ameniomba ninyamaze.

Acha nikuambie kitu ambacho sikukuambia mlangoni. Sikukukataa kwa sababu ya dini peke yake. Hadija alikuwa amebadilika. Alikuwa anacheka akiwa peke yake kwenye cherehani, na mimi nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Nikaona unaninyang'anya. Nikaishika dini kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Mungu anajua, na sasa unajua na wewe.

Nitakuja baada ya Idi, mwisho wa Aprili, basi likinivumilia. Nataka unisindikize. Utakaa getini kama zamani, lakini safari hii nitakuwa nimekukaribisha.

Wiki yako imepita zamani, hujaniandikia majirani. Nani yuko kuliani?

Mama yako,
Zaituni


Kigali, 5 Machi 2025

Mama yangu Zaituni,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi.

Nimempata. Kutoka getini unafuata njia ya changarawe mpaka pale penye bomba la maji, halafu unapanda kidogo kushoto. Ni tuta la pili kutoka ukingoni, limeota maua madogo ya njano ambayo hakuna aliyeyapanda. Pametulia, upepo unapita. Kuliani kwake yupo mzee mmoja aliyeitwa Saidi Habiyaremye. Kushotoni yupo mwanamke, Aziza Nshimiyimana. Wote ni wa mwaka ule ule.

Njoo Alhamisi, mama, watu huwa wachache siku hiyo. Nitakusubiri Nyabugogo na teksi.

Mwanao,
Ishimwe


Kampala, 9 Machi 2025

Ishimwe,

Nimesoma ulichoniandikia jana na sijalala vizuri. Kwamba kumbukumbu ya kipimo ilifutwa siku kilipouzwa, hilo nilikuwa nalitarajia. Lakini kwamba umekwenda mwenyewe, umepita kati ya matuta na kuchagua lenye maua, kisha ukachukua majina mawili kutoka kwenye lile rundo na kuyaweka pembeni yake! Bwana wewe, mimi nilipoteza makaburi kwa uzembe. Wewe unagawa makaburi ya watu kwa kukusudia.

Lile tuta lina mwenyewe. Na mama atalazwa pale, kando ya mtu asiyemjua, kwa sababu ya ulimi wako.

Mwandikie kabla hajapanda basi.

Kabera


Kigali, 28 Aprili 2025

Kabera,

Sikumwandikia. Kila nilipoanza niliona lile neno "mwanangu" na kalamu ikakataa. Miaka yote ile nilitaka mama huyu aniite hivyo mbele ya Hadija.

Amekuja. Amekonda, nilimbeba kutoka kwenye basi na hakuwa na uzito. Nilimwambia twende Alhamisi, akasema hawezi kwenda kumwona mwanawe siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Tukaenda Ijumaa baada ya swala. Mimi nilikaa getini. Alikaa huko juu muda mrefu, mvua ikanyesha ikakatika.

Aliporudi alinishika mkono akasema, "Asante mwanangu, nimemwona." Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Jumamosi akarudi Kigoma kuweka mambo yake sawa na kumuaga dada yake.

Kwa hiyo imepita. Sema unachotaka, lakini mama amepata utulivu, na nafsi yangu pia imetulia kidogo. Kilichobaki ni kuwapeleka watu wa umoja wakaione ile nafasi iliyo kando ya tuta.

Ishimwe


Kigoma, 6 Mei 2025

Ishimwe,

Nilitaka nikuambie pale pale getini, lakini ulikuwa umelowa na umenitunzia mwavuli wako mkavu kwapani ili niutumie mimi. Nikaona niseme asante kwanza.

Nilifika kwenye tuta lenye maua ya njano. Nilikuta mwanamke wa umri wangu ameketi hapo, anang'oa nyasi. Nikatoa salamu, nikadhani ni wa kaburi la jirani, pengine ni ndugu yake Aziza. Nikachuchumaa upande wa pili nikaanza kulia. Aliniangalia, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kigali, "Mama, wewe unalilia nani? Hapa iko mtoto yangu."

Alikuwa mama yake Rashidi, fundi ujenzi, aliyekufa wiki ile ile ya Hadija. Yeye alikuwa mjini. Alimfuata mwanawe kwa miguu mpaka kwenye uzio, akasimama nje, akaangalia wanapomshusha. Hajakosa Ijumaa hata moja. Alichimba kidogo kwa vidole upande wa kichwani, akanionyesha kigae cha bluu alichokifukia kutoka jikoni kwake, ili hata vibati vikiondoka yeye asipotee. Mlinzi alisogea kusikiliza. Nikamuuliza mlinzi Hadija Ikirezi yuko wapi. Akasema, "Mama, wa ile mwaka iko hapa yote, mpaka kule chini. Nani anajua? Walisema iko kwa kompyuta."

Nikamwambia mama Rashidi kwamba nimepotea njia. Tukamwombea Rashidi pamoja. Kisha nikashuka, nikakuambia nimemwona. Nilitaka kuona kama utanirekebisha. Hukunirekebisha. Ulifungua mlango wa teksi.

Sikuandikii kukulaumu kwa kupotea kwa namba, sijui hata zinavyopotea. Nakuuliza jambo moja, na safari hii unijibu kama unavyomjibu mama yako mzazi. Kuna mtu yeyote, au mashine yoyote, inayojua mwanangu alipo?

Zaituni


Kigali, 19 Mei 2025

Mama Zaituni,

Hapana. Hayupo, wala haipo.

Katika zile namba mbili, tarakimu ya kwanza baada ya nukta inakupa mji. Ya pili inakupa mtaa. Ya tatu inakupa kilima. Kaburi linaanzia ya tano. Tulipozigeuza namba kuwa mfumo wa jozi tulibakiza tatu, kwa sababu tatu zilitosha kwa maghala, kisha tukayafuta maandishi ya zamani, na nakala zake zikajifuta. Aliyepima hakumbuki, alipima mamia kwa wiki mbili akiwa amevaa barakoa na miwani iliyojaa ukungu. Nimeirudia kazi hiyo yote kwa kila njia ninayoijua. Nimekaa mbele ya mashine nikiiomba tarakimu mbili tu. Inanipa sifuri mbili.

Nilijua haya tangu mwanzo wa Februari. Nilikudanganya kwa sababu uliniita mwanangu, na nilijua nikikuambia ukweli sitakuwa nimekupa chochote. Majina ya jirani niliyatoa kwenye orodha. Sikumjua mama Rashidi. Ningemjua pengine ningechagua tuta jingine, na hilo ndilo linalonitisha.

Kilichobaki kwetu ni kile kilima. Ukitaka, mama, nitakuombea nafasi popote kwenye kilima hicho. Utakuwa karibu naye. Kiasi gani cha karibu, siwezi kukuambia.

Nilimpenda Hadija. Sikuwahi kukuambia hilo pia.

Ishimwe Nahimana


Kigoma, 11 Juni 2025

Kwako Ishimwe,

Mimi ni Tausi, dada yake Zaituni. Hatujaonana, lakini nakujua kwa barua zako, maana nilizisoma zote.

Dada alifariki Jumanne ya wiki iliyopita alfajiri, tukamzika adhuhuri. Barua yako ya mwisho ilikuwa imemfikia. Nilimsomea mimi kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Nilipofika mwisho alisema, "Angalau hii ni ya kweli." Nikamuuliza kama tufanye mpango wa kumsafirisha Kigali, akalazwe kwenye hicho kilima. Akasema hawezi kwenda kulala kwa kubahatisha, akaja kuwekwa miguuni pa mume wa mtu. Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena.

Alikuwa ameiweka sanda yake ndani ya begi la safari tangu Machi. Nililifungua mimi. Ndani kulikuwa na kitenge cha Hadija alichokuwa hajamaliza kukishona, sijui alikipata wapi, nadhani alikichukua Muhima alipokuja huko. Tumekitoa, hatukumzika nacho, si desturi.

Jambo moja lilituletea maneno. Zaituni, ambaye maisha yake yote aliwasema watu wanaojengea makaburi, alitaka jiwe. Shehe wetu alinung'unika. Nikamwambia marehemu ndiye aliyeagiza. Alitaka jina lake lichongwe kwa kina, lisifutike kwa mvua, na chini yake lichongwe la Hadija Ikirezi. Alipokuwa bado anaweza kuongea nilimwambia, "Dada, Hadija hayupo hapa." Akanijibu, "Najua. Chonga."

Hakuacha neno lolote kwa ajili yako. Nimefikiri nikutungie moja, kisha nikaona umeshaona yanayotokea mtu akitunga.

Fundi amemaliza jana. Ukipita Kigoma siku yoyote, jiwe liko mbele kabisa ya makaburi, huna haja ya kumuuliza mtu. Utasoma majina mawili. Aliyelala pale ni mmoja.

Tausi